Upanga wa Kukatia Nepia

Panga zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili siku ya kwanza nilipoingia katika ile nyumba ya mjini Saint Paul, Marekani, kwa sababu mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata ngazi za kanisani kwetu, na kwa sababu mtu akiniachia mgonjwa mmoja na silaha kumi na moja ukutani, nataka kujua zote ziko wapi.

Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka themanini na mitatu. Mikono ilimtetemeka hivi kwamba kikombe cha chai alikishika kama mtu anayepiga kayamba. Watu wa ofisi walionituma walikuwa wamenipa anwani na orodha ya dawa, basi. Habari ya panga hakuna aliyeitaja. Mkewe alinifungulia mlango, akaona macho yangu yamekwama ukutani, akasema, "Hizo ni zake. Mimi nina cherehani."

Nikawaita Mzee na Mama tangu siku hiyo. Kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu, kama wanavyofanya hapa, ulimi wangu ulikataa. Wao walipenda. Mzee naye akanibatiza Sajini, alipogundua kwamba kila jioni kabla ya kufunga shifti nilipita ukutani nikihesabu kwa kidole.

"Sajini, wamo wote?"

"Kumi na moja, Mzee."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu mara mbili. Ya tatu ni ovataimu."

Alicheka mpaka Mama akaja na maji. "Umemwua," akaniambia. "Na bado tulikuwa tunamtumia."

Zilikuwa panga za wapanda farasi wa Ufaransa, za enzi zile za wafalme, kabla watu wao hawajachoka na mfalme na kumpunguza kichwa. Kila Alhamisi tulizipaka mafuta. Nasema tulizipaka, ila Mzee alikaa kwenye kiti chake na mimi nikawa mikono yake. Nilivaa glavu za pamba, maana kidole kitupu kina chumvi, na chumvi huandika kwenye chuma. Kitambaa laini, tone moja la mafuta, kutoka mpinini kwenda nchani, si kurudi. Akinisimamisha, nasimama. Akisema geuza kwenye mwanga, nageuza. Nilijifunza kwamba ule mnyoofu na mzito ulikuwa wa askari wa farasi wakubwa, wa kuchoma kwa kishindo, na ule uliopinda ulikuwa wa wale wepesi wa kupita wakifyeka. Kwenye mmoja uliopinda palichorwa jua na mwezi, karibu na mpini. Nilimwuliza Mzee vinafanya nini pale. Akasema askari kijana akiwa na hofu atapokea msaada kutoka popote.

Aliupenda wa saba kutoka mlangoni kuliko yote. Kwa kuutazama ungesema ndio mbaya kuliko wote. Mnyoofu, kinga ya mkono ya shaba ya manjano, na kwenye hiyo shaba mahali patatu pamekwaruzwa vibaya, kama mtu alikuwa na haraka na tupa butu.

"Hapa palikuwa na maua matatu ya yungiyungi," Mzee alinieleza. "Alama ya mfalme. Mfalme alipoanguka, askari wakaamriwa waiondoe. Panga mpya hakuna, vita vipo. Basi huyu akachukua tupa, akafuta maua. Sasa vuta ala."

Nikavuta. Kwenye bapa la chuma, sentimita chache kutoka mpinini, paliandikwa kwa Kifaransa maneno ya kumtakia mfalme maisha marefu. Hayakuguswa.

"Alifuta kile ambacho afisa angekiona," Mzee akasema, "na kilichojificha ndani ya ala akakiacha kikae."

Nilicheka sana, kwa sababu nilimjua mtu huyo. Nimeuza naye kibanda kwa kibanda. Kule sokoni Gikomba, Nairobi, serikali ikibadilika, picha ukutani hubadilika asubuhi hiyo hiyo, lakini ya zamani haichomwi. Inawekwa nyuma ya kabati, uso ukiangalia mbao, kwa sababu nani ajuaye.

"Wajinga wanaupita huu wakiona michubuko," Mzee alisema. "Wanataka wenye maua mazima. Mimi sikuupita."

Mama alikuwa mlangoni, cherehani ikiwa kimya nyuma yake. Aliutazama ule upanga, akamtazama mumewe, akarudi kushona. Mtazamo ule niliuona. Sikuuelewa, na kwa kuwa haukuwa kwenye orodha ya dawa, niliuacha.

Mzee alifariki majira ya baridi, mwaka wa pili wa kazi yangu pale, asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye wangu na kwa mara ya kwanza haukutetemeka. Kabla watu wa kumchukua hawajafika nilipita ukutani. Kumi na moja. Nikarudia.

Theluji ilipoanza kuyeyuka Mama akanipigia simu nije kunywa kahawa. Nyumba ilikuwa inauzwa. Alikuwa amepata chumba kwenye makao ya wazee, na kijana wake, mtu wa makamo anayeishi Bloomington, alikuwa ameshaongea na kampuni ya kuuza vitu vya ndani: wanabandika bei, wanafungua milango, watu wanaingia. Mama akaniambia nichague kitu kimoja cha ukumbusho.

Nikasema wa saba.

"Chukua."

"Siwezi kuchukua, Mama." Kazi yetu inakataza zawadi kutoka nyumba ya mgonjwa, hata akiwa amekwenda, na leseni niliyo nayo ni moja. "Nauza na kununua, lakini kupokea sipokei. Niuzie."

Akatabasamu. "Mimi sijui bei yake. Wewe umezishika hizi kuliko mtu yeyote. Sema wewe. Huu una thamani gani?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoamka kabla yangu.

Lazima nieleze. Kabla ya kuja Minnesota niliuza makoti ya mitumba Gikomba miaka kumi na minane. Pale mnunuzi anayetaka kitu kwa moyo wote hukiponda. Ni adabu. Anayekusifia koti lako hana nia ya kununua, na anayelipa bei ya kwanza amekuita mwizi na kukuacha bila mazungumzo. Mteja wangu wa miaka yote, mwalimu mmoja, alikuwa akishika koti kwa vidole viwili kama panya.

"Hili limevaliwa na maiti."

"Na maiti alikuwa na pesa kukushinda, mwalimu. Mia nane."

"Mia nane? Na harufu yake nimlipe nani?"

"Harufu ni nyongeza, sikutozi."

Tungeendelea hivyo nusu saa, majirani wakitia chumvi, na mwisho angelipa mia tano hamsini tukiwa wote tumeshinda. Mume wa mwalimu huyo alipofariki nilimpelekea koti jeusi bure. Alilia, halafu akasema mshono wa bega umepinda.

Kwa hiyo nikautoa upanga wa saba ukutani, nikavaa uso wa Gikomba, nikaanza.

"Mama, huu umepigwa tupa. Angalia hapa, na hapa, na hapa. Nani anunue kitu kilichochubuliwa? Mpini unacheza kama jino la mtoto. Hii ala si yake, imeazimwa kwa upanga mwingine. Maandishi yenyewe nusu yamelala. Kwetu huu ningekatia ng'ombe majani ya nepia, na ng'ombe angelalamika."

Nikanyamaza. Zamu yake. Nilikuwa hata na jibu tayari kwa jibu lake.

Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akakiweka mezani.

"Huo," akasema, "ndio uliokula nyumba ya ziwani."

Akanieleza, polepole, bila kuniangalia. Walikuwa na kibanda cha mbao kule kaskazini, kando ya ziwa, ambako watoto wao walijifunzia kuogelea. Mzee alikiuza. Alimwuliza Mama, ndiyo, kwa namna ambayo jibu lake lilikuwa limeshachaguliwa. Siku chache baadaye ule upanga ukafika kwenye sanduku refu. Watoto walimwita baba yao mjinga mezani, Mama akawafokea. Akamtetea mbele yao, mbele ya dada zake, mbele ya watu wa kanisani. Na peke yake, jikoni, akajiuliza.

"Miaka arobaini na moja nimeuliza ukuta ule swali moja," akasema. "Alijua anachofanya, au alidanganywa na mtu mwenye mdomo mzuri? Na sikuwa na wa kuniambia. Asante. Hakuna mtu aliyewahi kuwa mkweli kwangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu nilidhani kicheko kingefuta. "Hapana, Mama! Ndivyo tunavyonunua kwetu. Ukipenda kitu unakitukana. Ni mchezo tu! Upanga ni wa kweli. Mzee hakudanganywa."

Akaupapasa mkono wangu. "Si lazima useme hivyo."

Ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilikuwa nimeishi kati ya watu hawa miaka tisa na nilikuwa najua vizuri: hapa mtu akichukizwa na chakula chako husema kina ladha ya tofauti. Kofia yako ikimtisha husema hajawahi kuona kama hiyo. Ubaya wanaufunga kwa karatasi tatu na utepe. Sasa mtu aliyezaliwa katika hayo, akisikia neno baya limesemwa waziwazi, mchana, mezani kwake, atajua limetoka rohoni kwa uchungu. Na neno zuri likifuata baadaye, hiyo ni karatasi na utepe.

Nikafanya nilichojua kufanya. Nikapanda bei.

"Mama, nitakupa elfu moja."

"Usifanye hivyo."

"Elfu mbili. Nitalipa kidogo kidogo."

"Oh, Sajini." Hakuwahi kuniita jina hilo. Lilikuwa la Mzee.

"Elfu tatu, Mama, na gari langu nitauza."

Katika maisha yangu yote ya biashara sijawahi kushindwa na muuzaji kwa kuongeza. Kila nilipopanda, uso wake ulijaa huruma zaidi. Aliona mwanamke mwenye moyo mwema akitupa mshahara wake ili kumfariji mjane. Ningesema elfu mia angelia na kunikumbatia, na angezidi kuamini kwamba ni chuma cha ng'ombe.

Jumamosi nilipeleka picha kwa mtu mmoja wa Minneapolis anayeuza silaha za kale. Nilizipiga nyingi siku za Alhamisi, Mzee akitaka zipigwe. Yule bwana alikuwa anakula mkate. Alipofika picha ya michubuko mitatu akaacha kutafuna. Akaikuza. Akaniuliza kama bapa lina maandishi, nikamwonyesha.

"Usiusafishe," akasema. "Usimruhusu mtu yeyote ausafishe. Hiyo michubuko ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Aliyeununua huu alikuwa na jicho."

"Andika hivyo," nikamwambia. "Hiyo ya jicho iandike juu."

Aliandika ukurasa mzima, akatia sahihi. Niliusoma mara mbili ndani ya gari, na Jumapili baada ya ibada nikampelekea Mama nikiwa bado na nguo za kanisani. Alivaa miwani, akasoma yote, taratibu, mpaka sahihi. Kisha akaukunja mara moja, akafungua mtoto wa meza mlimokuwa na kadi za rambirambi, akauweka juu yazo.

"Watu wameandika mambo mazuri sana," akasema.

"Mama, huyu hakumjua Mzee. Hana sababu ya kudanganya."

"Lakini wewe anakujua."

"Nimemwona jana!"

"Na ulimweleza habari yangu."

Nilikuwa nimemweleza. Nusu dakika tu, lakini nilikuwa nimemweleza, na uso wangu haukuwahi kujifunza kudanganya mahali ambapo mdomo haukuanza.

"Basi tumpigie mwingine," nikasema. "Umchague wewe."

"Nimechoka," akasema. "Arobaini na moja inatosha."

Jumatano iliyofuata nikapita, nikiwa na namba za simu za watu watatu na mpango wa kumsihi kijana wake. Kijana alikuwa uani, akifagia. Aliniambia nyumba haitafunguliwa kwa wanunuzi tena. Mama amekataa. Alisema hataki wageni waingie na viatu vyao, waokote vitu vya mumewe, waone michubuko, wamcheke ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lori la kuzoa chuma lilikuwa limekuja jana kuchukua tangi la maji ya moto na mashine mbili za kukata nyasi, na Mama akasema panga ziende humo humo.

"Nilimwuliza kama ana uhakika," akasema.

"Mara ngapi?"

Hakuelewa swali. Mara moja, bila shaka. Hapa huuliza mara moja, na jibu huheshimiwa.

Niliingia ndani. Ukutani kulikuwa na kulabu ishirini na mbili, mbili kwa kila upanga. Nikazihesabu tena. Jua na mwezi wa yule askari mwenye hofu, vyote vilikuwa vimekwenda na tangi la maji ya moto. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa kwa taulo, na kipande cha karatasi kimebandikwa kwa gundi: Sajini.

Mama alikuwa jikoni, akifunga sahani kwa magazeti. Hakugeuka.

"Sio zawadi," akasema. "Kwa hiyo leseni yako haina shida. Kitu kisicho na thamani hakihesabiwi."

Niliendesha gari mpaka kwenye uwanja wa chuma chakavu, kaskazini mwa mji, karibu na mto. Mtu wa pale alikuwa mpole. Aliniuliza natafuta chuma cha aina gani. Nikamwambia. Akanionyesha mlima wa vipande visivyozidi kiganja, akasema cha jana kiko humo, kama nina muda.

Nikashindwa hata kuanza kuhesabu.

Dada yangu nilimpigia. Bado anauza Gikomba, kibanda kile kile. Nilimweleza kila kitu na yeye akasikiliza bila kunikatiza, jambo lililonitisha.

"Sasa ulimponda mjane mali ya marehemu," akasema mwishowe, "kwa Kizungu?"

"Nilisahau niko wapi."

"Na ukaipata kwa ngapi?"

"Bure."

Miaka yote tumeringiana nani kanunua nini kwa bei gani. Bure hakuna aliyewahi kuifikia. "Pole, dada," akasema, na tukazungumza habari za mvua.

Mama sasa yuko kwenye makao. Namtembelea Jumapili. Chumba kina dirisha, cherehani, na picha za wajukuu tisa. Ya Mzee haipo. Zamani, hata baada ya mazishi, alikuwa akizungumza na kile kiti chake: umesikia hayo, mzee? Kiti hakikuja. Nilimwuliza kijana wake, akasema Mama alisema hakikumfaa mgongo. Akija jirani chumbani, Mama hunitambulisha kwa fahari. "Huyu ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli." Jirani hunitazama kwa heshima, nami hutazama wajukuu. Tisa. Tisa.

Mwezi uliopita nilijaribu mara ya mwisho. Nilifikiri akiuona kwenye mwanga, jinsi Mzee alivyoniagiza niugeuze, jicho lake lenyewe litamwambia. Kuuingiza ndani sikuthubutu. Mwanamke mweusi mwenye upanga kwenye mlango wa makao ya wazee: nilipiga hesabu ya dakika mpaka polisi wafike, nikairudia, na ikawa pungufu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo niliuacha kwenye buti la gari, nikaomba ruhusa ya kumpeleka Mama kupunga hewa, nikamviringisha mablanketi mawili, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye maegesho. Baridi ilikuwa bado inauma.

Nilivaa glavu za pamba. Nikavuta ala. Nikamwinamishia bapa, taratibu, mpaka jua likashika yale maandishi na yakasimama yote, herufi kwa herufi, hakuna hata nusu iliyolala. Nilikuwa nimesema uongo hata kuhusu hilo.

"Ona, Mama. Askari alifuta maua huku nje. Huku ndani akaacha. Mzee aliliona hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliliona."

Aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, na mimi nikashika pumzi kama mtu aliyetaja bei yake ya mwisho. Alinyoosha kidole kitupu akagusa chuma, palepale kwenye maandishi. Sikumzuia.

"Yale majani," akasema. "Ya ng'ombe. Unakata nayo vizuri?"

Sina ng'ombe. Ninaishi kwenye apatimenti ya ghorofa ya tatu mtaa wa Phillips, na mmea pekee nilio nao uko kwenye kopo. Mama alikuwa akinitazama kwa macho yaliyojaa tumaini, tumaini dogo kabisa, la mtu anayeomba kubakishiwa senti ya mwisho. Nilikuwa nimeleta ukweli wote, na alichokuwa anaomba kilikuwa hicho tu.

"Unakata vizuri, Mama," nikasema.

"Angalau umefaa kitu," akasema. Akarudisha mkono ndani ya blanketi. "Angempenda ng'ombe wako."

Nikamrudisha ndani. Alama ya kidole chake niliikuta jioni kwenye bapa, mviringo mdogo juu ya jina la mfalme, chumvi ikiwa imeshaanza kuandika. Nilikuwa na kitambaa, na mafuta nilikuwa nayo. Niliurudisha upanga ndani ya ala jinsi ulivyokuwa.